Bilauri Yenye Kitovu

Haya yote ni kweli. Sisemi ile kweli ya vijiweni ambayo kila msimuliaji huitia chumvi yake. Nasema kweli kavu, iliyoanikwa ikakauka. Kama kuna sentensi moja humu yenye uongo, basi mvua ya Desemba inikute mahindi yangu yako uani. Asiyeamini aende Makambako akaulize. Na atakayeshangaa nimejuaje yaliyokuwa moyoni mwa binti, ajue kwamba binti aliniambia mwenyewe, tena bila kuombwa.

Binti huyo aliitwa Rejoice. Alikuwa na kitalu cha miche ya parachichi Njombe mjini, lakini kwao ni Kifanya, kwa Mzee Yoeli, mzee wa kanisa anayejulikana kwa mambo mawili: sala ndefu na msimamo mfupi. Jumamosi ile ya mwezi wa saba, baridi ilikuwa kali kiasi kwamba ng'ombe wa jirani yao alikamuliwa akatoa mtindi. Rejoice alikuwa ndani ya ukumbi mmoja Makambako, kwenye maonesho ya wakusanyaji wa vyombo vya kale, akitafuta bilauri ya kumnyweshea mwanamume asiyempenda.

Hakumchukia pia. Fredy alikuwa mfanyabiashara wa mbao, mtu mwema, mpole, mwenye kufunga vifungo vyote vya shati mpaka kooni. Ukikaa naye hupati hasira. Unapata usingizi.

Nyumbani kwa Mzee Yoeli kulikuwa na desturi ambayo sijaikuta kwingine. Mwanamume anayekuja kuposa hupewa togwa katika bilauri ya kioo iliyomzidi binti umri. Akiikubali nyumba, hunywa, akabakiza funda moja, akairudisha bilauri ikiwa wima. Akiigeuza, kitako juu na mdomo chini, ndiyo amesema: kiu yangu imekwisha, hapa sirudi. Na aliyegeuza haulizwi. Kumwuliza ni kumbembeleza, na binti wa Mzee Yoeli habembelezewi mume.

Mwaka uliopita, Aron aligeuza.

Aron alikuwa Mkinga wa Ipelele, kule Makete, fundi wa kukata vioo vya madirisha mjini Makambako. Alikwenda kitaluni kwa Rejoice kuweka kioo cha dirisha moja, akarudi kesho yake kukisafisha, na keshokutwa kuangalia kama bado kipo. Wote walijua yatakayofuata. Lakini siku ya posa, mbele ya wajomba na mashangazi, Aron alikunywa togwa yote, akainua bilauri, akaigeuza, akafumba jicho moja akaitazama kitako. Mzee Yoeli akasimama, akasali sala ya kufunga kikao ilhali nyama bado iko jikoni. Jioni hiyohiyo bilauri ikatupwa kwenye shimo la choo. Rejoice akabadilisha laini ya simu, akarudi kwenye miche yake, na alipoulizwa alisema hajambo.

Sasa Fredy alikuwa anakuja kesho na washenga wake, na ndani ya nyumba hapakuwa na kioo kilichomzidi Rejoice umri. Ndipo Mzee Yoeli aliposikia habari za maonesho, akamchukua binti yake na dada yake, Lidia, wakashuka Makambako. Yeye mwenyewe alikaa nje, ukutani penye jua, pamoja na rafiki yake, mstaafu mmoja ambaye jina lake halina umuhimu hapa. Kazi ya kutafuta aliwaachia wanawake.

"Shangazi, hii je?" Rejoice aliinua kitu cha kahawia.

"Hiyo ni chupa ya dawa ya kikohozi. Unataka mkwe anywe au apone?"

"Na hii?"

"Hiyo ni ya taa ya chemli, haina hata kitako. Rejoice, mbona unatafuta kama mtu aliyetumwa dukani kwa jirani?"

"Si nimetumwa kweli?"

Lidia alimtazama, akafunga mdomo. Alikuwa mjane mwenye ulimi mkali, lakini alijua pa kuuweka.

Meza zilikuwa nyingi. Kulikuwa na majagi ya kioo, mabakuli ya matunda, chupa za soda za zamani zenye gololi shingoni. Watu wametoka Iringa, Mbeya, wengine Dar, wamevaa makoti mazito na kutembea polepole kama wanaotazama maiti. Kwenye meza ya pembeni alikaa mama mmoja wa Iringa aliyeitwa Hyasinta, amejifunga blanketi kiunoni.

"Karibu dada. Tazama kwa macho, tazama kwa mikono, ila usitazame kwa kiwiko. Asubuhi mtu kanitazamia jagi kwa kiwiko, bado naokota."

Hapo Rejoice akaiona. Bilauri ndefu kidogo, ya kijani hafifu kama maji ya mto yakipita kivulini, imepinda upande mmoja, na ndani ya kioo kuna kipovu kimoja cha hewa kilichonaswa siku nyingi. Akanyoosha mkono. Upande wa pili wa meza mkono mwingine ukanyooka pia, na vidole vikakutana juu ya bilauri.

Ule mkono ulikuwa na makovu madogomadogo meupe, kama chumvi iliyomwagika. Rejoice aliyajua makovu yale kabla hajainua uso.

"Samahani dada, nimeiona kwa..." Sauti ikakatika.

Alikuwa amekonda. Ndevu zimeota bila mpango. Macho yalikuwa yaleyale, ya mtu anayetazama kioo kutafuta ufa.

"Kamwene," alisema Aron. Salamu hiyo ya Kibena alifundishwa na Rejoice mwenyewe.

"Kamwene," Rejoice aliitikia kabla hajajizuia, akajichukia. Mkono ulimtetemeka, bilauri ikatetemeka nao. Hakuna aliyeiachia.

"Jamani," alisema Hyasinta, "hii ni bilauri, si kuku wa mnadani. Mmoja aachie."

"Aachie yeye," walijibu kwa pamoja.

"Ahaa. Kumbe mnajuana." Hyasinta akavuta kiti, akakaa vizuri.

"Umepungua," alisema Aron.

"Nimekuja kununua. Sikuja kupimwa."

"Nilikupigia sana."

"Simu ilibadilika."

"Simu, au wewe?"

Rejoice akabaki anamtazama, Aron akabaki anamtazama, na kati yao kile kipovu cha hewa kimenaswa ndani ya kioo, hakipandi hakishuki.

"Rejoice! Unaongea na nani?" Lidia alikuwa amefika.

"Shikamoo mama," alisema Aron.

"Marahaba." Ilitoka kama jiwe. "Twende zetu, mwanangu. Aliyesusa chakula haonyeshwi jiko."

"Nani aliyesusa?" aliuliza Aron.

Lidia hakujibu. Aliyegeuza haulizwi, na wala hajibiwi. Akamshika Rejoice kiwiko, na Rejoice akaiachia bilauri.

Ikabaki mikononi mwa Aron. Naye, kwa mazoea ya mtu asiye na hatia, akaigeuza. Kitako juu, mdomo chini, jicho moja limefumbwa.

"Umerudia!" Rejoice alisikia sauti yake ikipanda, wakusanyaji wakageuka. "Tena mbele ya macho yangu!"

"Nimerudia nini?"

"Nyumbani haikutosha? Mbele ya wajomba na mashangazi zangu wote haikutosha?"

"Rejoice, Mungu wangu shahidi, sijui unasema nini."

Rejoice akageuza uso pembeni ili machozi yasionekane, na hapo ndipo alipoona. Meza ya pili, mtawa mmoja mzee alikuwa amegeuza bilauri, kafumba jicho moja. Nyuma yake mzee wa koti jeusi amegeuza bakuli. Nyuma ya huyo, mama na mume wake wamegeuza jagi, wanaligombania kwenye mwanga. Kila meza, kila mtu. Ukumbi mzima ulikuwa unakataa kuoa.

Rejoice akauliza kwa sauti ndogo kabisa:

"Aron. Kwa nini unaigeuza?"

"Rejoice!" Lidia alishtuka. "Haulizwi huyo!"

"Shangazi, leo nauliza."

Aron alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua. Halafu akachukua kidole cha Rejoice, taratibu, akakiweka kwenye kitako cha bilauri. Katikati palikuwa na kovu, duara dogo lenye makali yaliyochakaa.

"Unasikia hapo? Kioo cha kiwanda cha siku hizi kitako chake laini. Hiki kilipulizwa kwa mdomo wa mtu, kikiwa cha moto kama uji. Alipomaliza alikivunja kutoka kwenye fimbo ya chuma, pakabaki kovu. Aliyenifundisha ufundi alikuwa anaita kitovu. Alisema chenye kitovu kimezaliwa, kisicho nacho kimetengenezwa tu. Tangu hapo nikishika kioo cha zamani mkono unageuza wenyewe."

"Na ile ya nyumbani kwetu?"

"Ile!" Uso wake ukawaka. "Ile ilikuwa na kitovu kikubwa kuliko hiki! Nilitaka nimwambie mzee palepale, Baba, chombo chako hiki ni hazina, usimnyweshee kila mgeni. Kabla sijafungua mdomo nikasikia anasali. Nikajua anaombea chakula. Nikatoka kwenda kunawa mikono."

"Ukanawa?"

"Nikanawa na sabuni. Nikakaa kwenye benchi la nje. Naona watu wanaondoka, nikasema labda kwenu mkwe hula wa mwisho. Nikakaa. Mpaka mbwa wenu alipotoka na mfupa ndipo nikaelewa kuwa nyama imeliwa."

Lidia alijifunika mdomo kwa kitenge. Mabega yakaanza kumcheza.

"Aron," alisema Rejoice, "kwetu ukigeuza bilauri siku ya posa, umemkataa mke."

Aron aliiweka bilauri mezani kwa mikono miwili, wima, kama anayemlaza mtoto aliyekwisha kusinzia.

"Mwaka mzima," alisema hatimaye, "nimedhani mmenikataa kwa sababu mimi ni Mkinga na ninyi ni Wabena."

"Mwaka mzima nimedhani umenikataa hadharani."

Wakati huo vyombo vyote ukumbini vililia kwa pamoja, ting, kama kengele ya Krismasi, na treni iliyokuwa inaingia stesheni ikafunga breki kabla ya kufika. Hilo nalo ni kweli.

"Kesho kuna mtu anakuja," alisema Rejoice.

"Nani?"

"Fredy. Wa mbao."

"Unampenda?"

"Ananiheshimu."

"Sikuuliza habari za heshima."

Rejoice akaitazama bilauri ya kijani. "Hii nilikuwa naichukua kwa ajili yake."

Aron akaisukuma bilauri upande wa Rejoice kwa kidole kimoja, polepole.

"Ichukue. Ni nzuri kuliko zote humu ndani. Ila naye akigeuza, msimfukuze. Mwulizeni."

Maneno hayo, aliniambia Rejoice, ndiyo yaliyomaliza mambo. Si yale ya kitovu. Mwanamume anayekuachia kitu anachokitamani, ili mwanamume mwenzake anywee, huyo hawezi kukaa moyoni kama mgeni.

Hyasinta alikuwa ameanza kuifunga bilauri kwa gazeti.

"Usifunge, mama. Siendi nayo mbali. Shangazi, kile kichupa chako cha togwa kimo kikapuni?"

"Kimo. Unakwenda wapi?"

"Kwa Baba."

"Baba yako ameshatoa neno kwa Fredy."

"Ametoa neno la kumkaribisha mtu nyumbani. Neno la ndiyo ni langu, na bado halijatoka."

"Una kichwa kigumu kama chake," alisema Lidia, akampa togwa.

Aron alipiga hatua kuwafuata. Rejoice akamzuia kwa mkono. "Wewe baki mlangoni. Baba akikuona atasimama kusali."

Nje, upepo wa Makambako ulikuwa unapeperusha vumbi barabarani. Mzee Yoeli alikuwa amekaa ameegemea ukuta, kofia imeshuka usoni, jua limempiga magotini. Rejoice akamimina togwa, akapiga goti, akampa kwa mikono miwili.

"Kunywa Baba. Baridi kali."

Mzee akanywa. Kwa mazoea ya nyumba yake, akabakiza funda moja. "Bilauri nzuri. Ni ya zamani kweli au wamekudanganya?"

"Mwenye nayo anasema ina kitovu."

"Kioo kina kitovu? Huo uongo wa Iringa."

"Kitakoni, Baba. Katikati."

Mzee Yoeli hakuwa mtu wa kuacha uongo upite bila kukaguliwa. Akamalizia lile funda ili lisimwagike, akainua bilauri kwenye mwanga, akaigeuza. Kitako juu, mdomo chini. Akafumba jicho moja. Akapitisha dole gumba.

"Ehee. Kumbe kipo. Lidia, njoo uone kitovu!"

"Baba," alisema Rejoice.

"Naam."

"Ndiyo unanikataa hivyo?"

Mzee Yoeli aliitazama bilauri iliyopinduka mkononi mwake mwenyewe. Akamtazama binti yake aliyepiga goti mavumbini. Kisha akainua macho mpaka mlango wa ukumbi, alikosimama Mkinga mmoja, kaikumbatia kofia yake kifuani kama kuku. Mzee hakuwa mjinga. Mambo yalimwingia yote kwa pamoja, na ungeweza kuona yalivyomwingia, maana aliivua kofia.

"Alikuwa anatafuta hiki?"

"Hikihiki."

"Sasa mbona hakusema?"

"Ulikuwa unasali, Baba."

"Na sala yenyewe ilikuwa ndefu, kaka," alisema Lidia.

Pikipiki mbili zikapita. Mzee akaigeuza bilauri, akaiweka wima gotini.

"Fredy nimeshamwita."

"Najua Baba."

"Ni mtu mzuri yule."

"Mzuri sana. Ndiyo maana hastahili mke atakayekaa naye huku anamuwaza mtu mwingine. Nikimpa ndiyo kesho, nitakuwa nimemwibia. Unataka niibe mbele ya kanisa?"

"Usinitishie kanisa. Mimi ndiye mzee wa kanisa."

"Nisamehe Baba."

"Na wewe, mwaka mzima hukuniambia kwamba bado?"

"Nyumbani kwetu hatuulizi," alisema Rejoice. "Na asiyeulizwa atasema lini?"

Hilo lilimchoma. Lidia alitaka kuongeza neno, kisha akaona bora afunge kikapu.

"Kwa Fredy nitakwenda mwenyewe, leo, kabla hajanunua hata soda," alisema Mzee Yoeli. "Kazi ya mzee wa kanisa ndiyo hiyo, kupeleka habari mbaya kwa adabu. Wewe utakuja nami umwombe radhi kwa mdomo wako. Hutajificha nyuma yangu."

"Nitakwenda, Baba."

"Haya." Akakohoa, akapaza sauti. "Wewe! Fundi!"

"Naam Baba!" Aron nusura aangushe kofia.

"Kesho usije. Kesho ni siku ya aibu, tuiache ipite. Utakuja na washenga wako tukishamaliza kuvuna viazi."

"Ndiyo Baba."

"Na safari hii utanywea kikombe cha bati."

"Ndiyo Baba."

"Hakina kitovu. Nimekitumia tangu ujana, nakijua. Usihangaike kukigeuza."

Rejoice alicheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka, akayafuta kwa kiganja chenye vumbi, akabaki na mstari wa udongo shavuni. Aron aliuona mstari ule kutoka mlangoni. Hakusogea, maana hakuruhusiwa. Lakini alivyomtazama, hata Lidia alielekeza macho yake pembeni, akajifanya anaangalia pikipiki.

Ndivyo ilivyokuwa, na ndivyo nilivyoisimulia Kifanya, siku ya posa yenyewe, baada ya kikombe cha bati kurudi wima na funda lake ndani. Nilisimama, nikasimulia yote na vyombo vilivyolia na treni iliyofunga breki. Watu walipiga makofi. Nikainama kushukuru. Nilipoinuka, Lidia alikuwa amenyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Naomba kuuliza. Huyu babu mstaafu siku ile alikaa nje na kaka. Tena alilala, redio iko kifuani, mdomo wazi. Ya ndani ameyaona kwa jicho gani?"

"Nimeambiwa na Rejoice mwenyewe," nilijibu.

"Na mimi?" Rejoice aliacha kuandaa sahani. "Babu, lini hiyo? Mimi nimekwambia shikamoo tu! Hakuna chombo kilicholia. Treni siku ile haikupita kabisa. Na wala mkono wangu haukutetemeka."

"Ulitetemeka," alisema Aron taratibu.

Rejoice akainamisha kichwa, akautazama mkeka, akatabasamu huko huko chini. Basi hilo moja likabaki. Mengine yote yakaanguka, na watu wakaanza kunihesabia kwa vidole.

Mzee Yoeli akaamua bila kusali. Alisema uongo uliosemwa mbele ya posa hulipwa siku hiyohiyo, kabla jua halijazama, na kwamba amewahi kumwona uani kwangu jogoo mmoja mwekundu. Nilijitetea kidogo. Haikusaidia. Nikamfuata jogoo mwenyewe, nikamleta kwapani, akipiga kelele njia nzima kana kwamba ndiye aliyesimulia.

Alipikwa na viazi. Mapaja walipewa washenga wa Makete, kidari wakala bwana na bibi arusi watarajiwa. Mimi nikawekewa shingo, nikaambiwa niitafune polepole, maana ndiko maneno yanakopitia.